sshfs Inapogoma: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Anayetumia sshfs kuileta saraka ya seva ya mbali kwenye kompyuta yake huandika amri moja tu, na siku nyingi amri hiyo hutii bila maneno:

```
mkdir -p ~/nyaraka
sshfs karani@ghala:/srv/nyaraka ~/nyaraka
```

Siku inapogoma, ujumbe unaotokea kwenye terminali mara nyingi hauonyeshi kosa liko wapi, kwa sababu nyuma ya amri hiyo fupi wako wahusika watatu. Wa kwanza ni kerneli ya Linux, ambayo tangu toleo la 2.6.14 la mwaka 2005 ina moduli ya FUSE inayopokea maombi ya faili na kuyakabidhi kwa programu ya kawaida kupitia kifaa cha `/dev/fuse`. Wa pili ni programu hiyo yenyewe, yaani daemoni ya sshfs, inayofanya kazi nje ya kerneli kwa jina lako na kwa ruhusa zako. Wa tatu ni ssh, programu ya muunganisho salama na mashine za mbali, ambayo daemoni huianzisha ili izungumze na seva kwa itifaki ya kuhamisha faili ya SFTP. Kabla hujagusa usanidi wowote, jua kwanza ni yupi kati ya hawa aliyegoma. Nimewahi kumwona mtu akihangaika na `/etc/fuse.conf` asubuhi nzima, kumbe ni ufunguo wake wa ssh uliokuwa umekataliwa.

Kuwatenganisha si kazi kubwa. Andika `sftp karani@ghala`. Ikikataa, tatizo ni la ssh, na sshfs haina hatia. Ikikubali, iendeshe daemoni mbele ya macho yako badala ya kuiacha ijifiche chinichini:

```
sshfs -f -d -o LogLevel=debug karani@ghala:/srv/nyaraka ~/nyaraka
```

Chaguo la `-f` huizuia daemoni isijitenge na terminali, `-d` huifanya itaje kila ombi inalopokea, na `LogLevel` ni chaguo la ssh ambalo sshfs hulipitisha tu. Fungua terminali ya pili, andika `ls ~/nyaraka`, kisha rudi uangalie ya kwanza: utaona maneno kama LOOKUP, GETATTR na READDIR yakipita. Ombi lisipoonekana kabisa, basi halijaifikia daemoni. Likionekana lakini jibu lisije, mkwamo uko kwenye ssh, mtandao au seva. Nusu ya matatizo yanayofuata hapa chini hujieleza yenyewe katika hatua hii.

## Daemoni haianzi

Ujumbe wa `fuse: device not found, try 'modprobe fuse' first` unamaanisha kwamba `/dev/fuse` haipo. Usiishie kwenye `lsmod | grep fuse`, kwa kuwa kerneli nyingi hujengwa FUSE ikiwa ndani yake, na hapo `lsmod` haitaonyesha kitu ingawa kila kitu ni salama. Ukaguzi wa kuaminika ni huu:

```
grep fuse /proc/filesystems
ls -l /dev/fuse
```

Amri ya pili inapaswa kuonyesha kifaa chenye namba 10, 229. Iwapo `modprobe fuse` inajibu kwamba moduli haikupatikana, linganisha `uname -r` na yaliyomo ndani ya `/lib/modules`. Mara nyingi utakuta kerneli imesasishwa, saraka ya moduli za toleo la zamani imeondolewa, na mashine haijawashwa upya. Iwashe upya, na shauri limekwisha.

Kosa la `mount failed: Operation not permitted` lina vyanzo viwili vinavyofanana kwa sura. Mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kupachika (mount) mfumo wa faili. Anayemfanyia kazi hiyo ni programu ndogo ya `fusermount3` (au `fusermount` katika matoleo ya zamani), ambayo lazima imilikiwe na root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, na iwe na alama ya `s` katika ruhusa zake:

```
ls -l $(command -v fusermount3)
-rwsr-xr-x 1 root root ...
```

Alama hiyo hupotea pale mtu anapohamisha mfumo mzima kwa `cp` bila `-a`, na hurudi kwa kusakinisha upya kifurushi cha fuse3. Chanzo cha pili ni kontena. Ndani ya Docker kifaa cha `/dev/fuse` hakionekani mpaka kiombwe, na hata kikionekana kontena halina uwezo wa kupachika. Kwa hiyo huhitajika `--device /dev/fuse --cap-add SYS_ADMIN`, na penye AppArmor, kinga ya Linux inayozibana programu, huongezwa `--security-opt apparmor=unconfined`. Uwezo huo ni mkubwa mno kwa ajili ya saraka moja. Mimi huipachika saraka kwenye mashine mwenyeji, kisha nikalipatia kontena njia ya kuifikia.

Kama ujumbe ni `user has no write access to mountpoint`, saraka unayopachikia si yako. Pachika ndani ya saraka yako ya nyumbani, au mwombe msimamizi akukabidhi umiliki wa ile ya `/mnt`.

## Muunganisho unakatika papo hapo

Maneno `read: Connection reset by peer` na `remote host has disconnected` hutoka kwenye daemoni, lakini yanachosema ni kwamba ssh imekufa kabla ya mazungumzo ya SFTP kuanza. Sababu za kawaida ni ufunguo usiokubaliwa, alama ya utambulisho wa seva iliyobadilika, au mstari wa `Subsystem sftp` uliofutwa katika `/etc/ssh/sshd_config` ya seva. Zote tatu hudhihirika kwa amri ya `sftp` niliyoitaja mwanzoni.

Ipo sababu ya nne inayowapotosha wengi, kwa sababu `ssh karani@ghala` inafanya kazi vizuri kabisa, lakini sftp inajibu hivi:

```
Received message too long 1264677481
```

Namba hiyo inaonekana kama takataka, ila ina maana yake. SFTP hutarajia baiti nne za kwanza ziwe urefu wa ujumbe unaofuata. Ukizigeuza tarakimu hizo kuwa za msingi wa 16 utapata 4B 61 72 69, na ukizisoma kama herufi utapata "Kari". Mtu ameweka `echo "Karibu kwenye ghala"` juu kabisa ya `.bashrc` ya seva, na salamu hiyo inatangulia mazungumzo ya programu mbili zisizojua salamu. Ihamishie kwenye `.bash_profile`, au itangulize mstari huu ili ganda (shell) lisiloongea na mtu lirudi mapema bila kutoa neno:

```
[[ $- != *i* ]] && return
```

## Root anakataliwa kwenye kompyuta yake mwenyewe

Hili huwashangaza hata wazoefu. Umepachika vizuri na unaona faili zote, lakini `sudo ls ~/nyaraka` inajibu `Permission denied`, na programu ya kuhifadhi nakala inayoendeshwa na root inalalamika kila usiku. Hakuna kilichoharibika. Kwa kawaida FUSE humruhusu aliyepachika peke yake, na kumzuia kila mtu mwingine, root akiwamo. Sababu ni kwamba daemoni ni programu ya mtumiaji asiyeaminiwa na mfumo: akiingia mtu mwingine, mwenye daemoni anaweza kuona kila anachokifungua, na anaweza pia kulichelewesha ombi lake bila kikomo, mpaka kazi ya root ikwame katikati.

Anayetaka kuufungua mlango hutumia `-o allow_other`, na hapo hupata ujumbe wa pili:

```
fusermount3: option allow_other only allowed if 'user_allow_other' is set in /etc/fuse.conf
```

Fungua `/etc/fuse.conf` kwa `sudo`, ondoa alama ya `#` mbele ya `user_allow_other`, uhifadhi. Hakuna huduma ya kuwasha upya, kwani fusermount3 huisoma faili hiyo kila inapopachika. Katika faili hiyohiyo umo mstari wa `mount_max`, ambao huweka kikomo cha mipachiko ya watumiaji wa kawaida kuwa 1000, sijawahi kukifikia.

Lakini simama hapo kidogo. Daemoni ya sshfs haichunguzi ruhusa yenyewe. Huliachia jukumu hilo seva, na seva inamjua karani tu. Ukiweka `allow_other` peke yake, kila mwenye akaunti kwenye kompyuta yako anaandika na kufuta katika seva kwa jina la karani. Ndiyo maana `allow_other` iandamane daima na `default_permissions`, inayoiagiza kerneli ichunguze ruhusa na umiliki unaoonekana kabla ombi halijaifikia daemoni. Kama anayehitaji kuingia ni root tu, tumia `allow_root` badala yake.

Baada ya hapo huenda umiliki wenyewe ukaleta utata: faili zinaonyesha namba kama 1003 badala ya jina, au jina la mtu asiyehusika, kwa sababu namba ya karani kwenye seva si namba yako hapa. Chaguo la `-o idmap=user` huitafsiri namba ya mtumiaji wa mbali iwe yako. Faili za watumiaji wengine wa seva hazitaguswa na tafsiri hiyo.

## Kila kitu kinaganda

Umefunga kompyuta mpakato ukiwa ofisini, ukaifungua nyumbani kwenye mtandao mwingine. `ls ~/nyaraka` inakaa kimya, `df` inakaa kimya, na dirisha la kuhifadhi faili haliitikii. Ukiandika Ctrl+C hakuna kinachotokea, na hata `kill -9` haisaidii.

Tazama mchakato uliokwama:

```
ps -eo pid,stat,wchan:30,cmd | grep request_wait
```

Ukiona herufi D na maneno `request_wait_answer`, kerneli imekwisha kulikabidhi ombi kwa daemoni na inasubiri jibu. Ombi likishachukuliwa, mchakato ulioliomba hauuliki mpaka jibu lirudi. Daemoni nayo inaisubiri ssh, na ssh inasubiri seva kupitia muunganisho uliokufa bila yeyote kuarifiwa. Kwa hali ya kawaida `ServerAliveInterval` ya ssh ni 0, maana yake ssh haiulizi kamwe kama upande wa pili bado uko hai.

Kwa hiyo muuaji mzuri huanza na aliye mwisho wa foleni. Itafute ssh ya sshfs, uiue hiyo na si `ls`:

```
pgrep -af 'ssh.*-s sftp'
kill 48213
```

Namba 48213 ni ya mfano tu. Hapo daemoni hujua kwamba njia imekatika: ikiwa ilianzishwa kwa `reconnect` itaunganisha upya ombi jipya likija, na ikiwa haikuanzishwa hivyo itajifunga na kujipachua. Ikigoma hata baada ya hapo, kata uhusiano wake na kerneli. Usitumie `lsof` wala kitu chochote kinachogusa saraka hiyo, maana nacho kitaganda. Soma orodha ya kerneli yenyewe:

```
grep fuse.sshfs /proc/self/mountinfo
612 29 0:57 / /home/karani/nyaraka rw,nosuid,nodev,relatime ...
```

Ile 57 baada ya `0:` ndiyo namba ya muunganisho. `cat /sys/fs/fuse/connections/57/waiting` itakuambia ni maombi mangapi yanasubiri, na mstari ufuatao utayavunja yote, kisha kupachua saraka:

```
echo 1 > /sys/fs/fuse/connections/57/abort
fusermount3 -u -z ~/nyaraka
```

Aliyepachika hahitaji `sudo` kwa hilo. Herufi `-z` hupachua kwa upole: jina la saraka huachiliwa mara moja, na mabaki husafishwa yule anayeishikilia akishatoka. Ukipata `Device or resource busy` bila `-z` wakati seva iko hai, angalia kwanza terminali zako mwenyewe, kwani mara nyingi moja imefanya `cd` humo ikasahauliwa. Amri ya `fuser -vm ~/nyaraka` itaitaja.

Kinga ya tatizo hili zima ni kuanza hivi tangu mwanzo:

```
sshfs -o reconnect,ServerAliveInterval=15,ServerAliveCountMax=3 karani@ghala:/srv/nyaraka ~/nyaraka
```

Kwa namba hizo ssh huulizia hali ya seva kila sekunde 15 na hukata tamaa baada ya maswali matatu yasiyojibiwa, yaani takriban sekunde 45. Kwenye mtandao wa simu unaopotea na kurudi ninaiongeza hiyo ya pili hadi 6. Kumbuka tu kwamba `reconnect` haina wa kumwomba nenosiri, kwa kuwa daemoni imejificha chinichini. Ufunguo wenye nywila utafanya kazi mradi ssh-agent (programu inayotunza funguo zilizofunguliwa) ileile iliyokuwapo daemoni ilipoanza ingali hai. Ukitoka na kuingia upya kwenye akaunti, njia ya agent hubadilika na daemoni hubaki ikigonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

## Saraka imebaki jina, au imebaki tupu

Daemoni ikiondoka duniani, huondoka kwa njia mbili, na kila moja ina dalili yake.

Ikifa ghafla, kwa `kill -9`, kwa kuanguka, au kwa kuuawa na kerneli kumbukumbu inapokwisha, haipati nafasi ya kujipachua. Mpachiko unabaki bila mwenyewe: `ls` inasema `Transport endpoint is not connected`, orodha ya saraka ya juu inaonyesha `d?????????` na alama za kuuliza mahali pa tarehe na umiliki, na kichekesho chake ni kwamba `mkdir -p ~/nyaraka` inadai `File exists`. Ukipachika tena juu yake utapewa `bad mount point`. Dawa ni `fusermount3 -u ~/nyaraka`, kisha uanze upya. Ikijirudia, pekua `journalctl -k | grep -i 'out of memory'` kabla hujailaumu sshfs.

Ikiondoka kwa utaratibu, baada ya ssh kufa huku `reconnect` haikuwekwa, hujipachua kimyakimya. Hakuna kosa linaloonekana. Saraka ipo, ni tupu, na inaandikika. Hii ndiyo hatari zaidi, nami nimeilipia. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, umeme ulikatika usiku, ruta ikazima na kuwaka, na sshfs ikajipachua. Saa nane usiku rsync ya kuhifadhi nakala ikakuta saraka tupu na kuanza kunakili kila kitu upya, si kwenye seva, bali kwenye diski ya mashine ileile. Asubuhi mwenzangu akapachika tena kabla sijafika, na nilipoketi nilikuta `df -h /` ikionyesha 100% huku `du` ikiapa kwamba diski iko nusu. Faili zilikuwa chini ya mpachiko, zimefunikwa. Zilionekana tu nilipoipachika diski hiyo mahali pengine:

```
sudo mkdir /mnt/chini
sudo mount --bind / /mnt/chini
sudo du -sh /mnt/chini/mnt/nyaraka
```

Tangu siku hiyo kila hati yangu ya kuhifadhi nakala huanza na `mountpoint -q /mnt/nyaraka || exit 1`. Pale ambapo mpachiko hufanywa na root, naongeza `sudo chattr +i /mnt/nyaraka` wakati saraka ikiwa tupu na imepachuliwa, ili isiandikike ikiwa wazi. Kwa mipachiko ya mtumiaji wa kawaida kinga hiyo ya pili haifai, kwani fusermount3 itakataa saraka ambayo mtumiaji hana ruhusa ya kuiandikia.

## Madogo yanayofanana na makubwa

Faili iliyowekwa sasa hivi kwenye seva isipoonekana kwako, hesabu hadi 20 kabla ya kufanya lolote. Daemoni huweka akiba ya orodha za saraka kwa sekunde 20; `-o dcache_timeout=3` huzipunguza, na `-o dir_cache=no` huiondoa akiba hiyo, kwa gharama ya uzito utakaouhisi kwenye saraka zenye faili nyingi.

Viungo vilivyotengenezwa kwenye seva kwa `ln -s` vikielekeza kwenye njia kamili kama `/srv/nyaraka/2024`, kompyuta yako itaitafuta njia hiyo kwenye diski yake yenyewe na kusema haipo. `-o transform_symlinks` hugeuza njia hizo ziwe za mahali zilipo ndani ya mpachiko, na `-o follow_symlinks` huiacha seva ivifuate yenyewe.

## Inafanya kazi kwa mkono, lakini haifanyi kazi mashine ikiwaka

Mstari wa `/etc/fstab` huendeshwa na root, kwa hiyo `known_hosts` (orodha ya seva zinazofahamika) inayosomwa ni ya root, ufunguo unaotafutwa ni wa root, na hakuna wa kujibu "yes" ssh inapouliza kama seva ni ya kuaminiwa. Taja ufunguo waziwazi, na uchague mmoja usio na nywila:

```
karani@ghala:/srv/nyaraka /mnt/nyaraka fuse.sshfs noauto,x-systemd.automount,_netdev,reconnect,ServerAliveInterval=15,ServerAliveCountMax=3,IdentityFile=/home/karani/.ssh/id_ed25519,allow_other,default_permissions,uid=1000,gid=1000 0 0
```

Nafasi moja baada ya mkato inatosha kuuvunja mstari huo, kwa kuwa fstab hutenganisha safu kwa nafasi. `x-systemd.automount` huahirisha upachikaji mpaka saraka itakapoguswa mara ya kwanza, na hivyo mashine haikwami wakati wa kuwaka ikiwa intaneti bado haijafika. Kabla ya kuujaribu, ingia mara moja kwa jina la root ili alama ya seva ihifadhiwe, kisha uiwashe automount hiyo na uiguse saraka:

```
sudo ssh -i /home/karani/.ssh/id_ed25519 karani@ghala exit
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl start mnt-nyaraka.automount
ls /mnt/nyaraka
```

`ls` ikirudi na `No such device`, soma `journalctl -u mnt-nyaraka.mount`, sababu aliyopewa root na ssh itakuwa imeandikwa humo neno kwa neno.